Programu Inayouliza Kwanza

Watolere, Lembata
4 Machi 2008

Ndugu Prasojo,

Gazeti lako la Layar la mwezi wa kumi limenifikia jana likiwa limefungiwa sabuni. Meli yetu huja mara moja kwa wiki mbili, na Pater Niko, padre wa parokia, hununua sabuni mji wa Larantuka, basi huku elimu hutufikia hivyo, ikinukia. Nimelikunjua, nikalipiga pasi, nikakusoma: «Kinga za Virusi: Ipi Nyepesi, Ipi Rahisi?» Nimefundisha darasa la nne miaka ishirini na sita na sijawahi kumwona mtu anayezipa programu alama kama watoto wa shule. Nimekupenda kwa hilo.

Nina kompyuta moja. Aliiunda mwanangu Boli kwa vipande vya kompyuta tatu zilizokufa, alipokuwa akisoma huko kwenu Yogya, akaileta kwa meli akiwa ameikumbatia siku tatu. Kumbukumbu yake ni megabaiti mia na ishirini na nane tu, na umri wake usiniulize. Umeme ni wa paneli mbili zilizo juu ya paa la shule. Jua likiwa zuri napata saa mbili za kazi. Wingu likiukalia mlima, napata saa moja na majuto. Na mashine yenyewe kuwaka tu inachukua dakika sita. Hizo dakika sita ni jua langu, ndugu yangu.

Sasa shida. Mitihani ya wilaya inakuja kwa flashi, na walimu wa vijiji jirani wanakuja na flashi zao kuchapisha, na kila flashi inakuja na wadudu wake. Mwezi uliopita folda zote za darasa la sita zilitoweka, zikaacha majina matupu yasiyofunguka. Naogopa siku moja watakula mashine nzima. Nahitaji kinga.

Ila hapa nisikilize vizuri. Kuna kidudu kimoja sitaki kiguswe. Nikiwasha kompyuta, kabla ya jambo lolote, kinaandika mstari mmoja katikati ya skrini, na mara nyingi si ule wa jana. «Mama, umeshakunywa kahawa?» Au: «Mama, huko mvua imenyesha?» Kinakaa hapo kidogo kisha kinapotea, na chumba chote kinabaki na rangi ya samawati kama alfajiri. Hakijawahi kula faili hata moja. Mkaguzi wa wilaya alileta kinga yake, ikaanza kukikimbiza, nikachomoa waya ukutani mbele ya mkaguzi mwenyewe. Amenuna mpaka leo.

Kwa hiyo swali langu ni fupi. Kati ya programu zote ulizopima, ipi inauliza kabla ya kuua? Sababu usiniulize.

Kewa Tukan
Mwalimu, shule ya msingi Watolere


Yogyakarta
27 Machi 2008

Kwa Ibu Guru Kewa ninayekuheshimu,

Barua yako nimeisomea wateja wangu wote. Nina duka la kukodisha kompyuta nyuma ya chuo, mashine kumi na mbili, wanafunzi wanakuja kuandika tasnifu zao na kulia. Wamekupigia makofi kwa ule waya wa mkaguzi.

Sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Nimeichukua mashine namba tisa, nikaipunguza kumbukumbu mpaka ikafanana na yako, maskini ikawa inatembea kama imevaa sarongi ya kubana. Kisha nimeazima saa ambayo mjomba wangu hupimia mbio za njiwa wake. Nimepima asubuhi tatu mfululizo. Bila kinga yoyote inawaka kwa dakika mbili na sekunde kumi. Yako inayochukua sita, Ibu, imebeba wadudu hadi kooni.

Argenta, ya ng'ambo: dakika tano na sekunde arobaini, na inakula karibu nusu ya kumbukumbu. Ukiiambia isafishe, inakuuliza maswali kumi na moja kabla haijamgusa hata mmoja. Una uhakika? Una uhakika kweli? Nimeipa hamsini na nane.

Polar, nayo ya ng'ambo: dakika nne na sekunde tano. Haiulizi, lakini kila siku inadai mtandao ili ijifunze wadudu wapya, na wewe mtandao utautoa wapi. Sabini.

Sapu, yaani ufagio, ya vijana wa hapa hapa Yogya: dakika mbili na sekunde ishirini na tano, huwezi hata kujua kama ipo. Ina kitufe kimoja tu, kimeandikwa «Fagia». Wadudu wanaotembea kwenye flashi zetu wengi wametungwa na wanafunzi wa nchi hii hii, na hizo za ng'ambo haziwajui. Sapu inawajua kwa majina. Nimeipa tisini na mbili, na tangu nianze kuandika Layar sijawahi kutoa alama kubwa hivyo.

Kuhusu kuuliza, niwie radhi nikisema wazi. Programu inayouliza ni programu isiyoijua kazi yake. Na kidudu ni kidudu, Ibu, hata kikiwa na adabu. Leo kinakuuliza habari za kahawa, kesho kitakula ripoti za watoto.

Wako mtiifu,
Prasojo


Watolere
30 Aprili 2008

Mas Prasojo,

Kwanza acha kuniita Ibu, hiyo ni ya kwenu Java, kama hili Mas, kaka, ninalokuitia wewe. Huku mtu akishazaa anaitwa Mama na mambo yanaisha. Mimi ni Mama Kewa hata kwa mkaguzi.

Matokeo yako ni mazuri na nimeyasoma mara tatu. Nimeamua. Niletee Argenta. Ndiyo, ile ya hamsini na nane.

Najua umeshika kichwa. Lakini mimi darasani nina watoto thelathini na mmoja, na katika hao kuna Tuto, mtoto wa mfumaji, ambaye hafuti ubao bila kuniuliza. «Mama Guru, na hili nifute? Na hili?» Wenzake wanamcheka. Anachelewa kila siku. Mwaka jana aliniuliza kuhusu mstari mmoja pembeni ya ubao, na huo mstari ulikuwa jina la dawa ya Pater, nililoliandika hapo nisilisahau. Tangu siku hiyo namwachia ubao peke yake. Wewe ungempa alama ngapi, nashindwa kujua.

Jua langu nitaligawa vizuri. Nitaiwasha mashine halafu niende kuponda mahindi, nikirudi itakuwa imeshaniwekea maswali yake, nami nitayajibu. Siku hizi asubuhi ukungu unashuka kutoka mlimani hadi kwenye bendera ya shule, unaona kamba tu inapanda mawinguni. Nakaa mbele ya skrini, namngoja yule wa salamu. Huwa namwandika kwenye daftari. Nimefika mstari wa themanini na nane, na bado anatoa mipya. Juzi kasema: «Mama, yule kuku mwekundu bado yuko hai au mmeshamla?» Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Argenta, Mas. Hiyo tu.

Mama Kewa


Yogyakarta
19 Mei 2008

Mama Kewa,

Diski hii hapa, nimeifunga kwa kitambaa cha batiki ili isivunjike melini. Ndani kuna Argenta kama ulivyoagiza, na maelezo ya kuiweka, hatua kwa hatua, kwa herufi kubwa. Kuna pia picha za duka langu, namba tisa nimeizungushia alama nyekundu ili uione. Anza na picha.

Kuna na zawadi ndogo kutoka kwangu. Hutahitaji kufanya lolote, utaiona mwenyewe.

Prasojo


Watolere
11 Juni 2008

Mas Prasojo,

Zawadi yako nimeiona. Imefagia kila kitu. Kompyuta inawaka kwa dakika mbili na nusu, kama ulivyosema. Asubuhi hakuna kitu chochote kwenye skrini. Kimya kabisa.

Asante.

Kewa Tukan


Yogyakarta
2 Julai 2008

Mama Kewa,

Nimeirukia barua yako kama mtoto. Nilijua tu. Nilijisemea, huyu mama akiionja Sapu mara moja hataigusa Argenta tena, ndiyo maana nikaiweka mbele kwenye diski, ijiwashe yenyewe mara tu diski inapoingia. Wengine wangenilaumu. Wewe umenishukuru.

Naomba ruhusa niyachape maneno yako kwenye Layar. «Imefagia kila kitu.» Ni mafupi na yanatoka mbali, hakuna atakayesema nimeyanunua. Usipojibu kabla ya mwisho wa mwezi nitachukua kuwa umekubali, maana mhariri ananisukuma.

Na yule wa salamu hatakusumbua tena. Sasa una jua lote kwa ajili ya kazi.

Prasojo


Yogyakarta
20 Agosti 2008

Mama Kewa,

Nakutumia nakala ya gazeti. Upo ukurasa wa kumi na nne.

Meli mbili au tatu zimeshapita bila neno lako. Labda mashine ina tatizo, au unaumwa, au barua imebaki Larantuka kwenye sabuni. Nimejaribu kuzikumbuka barua zako na kuna jambo linanikera nisilolijua. Nimeisoma tena ile fupi. Mara ya kwanza niliiona ya furaha. Sasa naisoma, na hakuna mahali uliposema umefurahi.

Kama nimekukosea niambie, hata kwa mstari mmoja. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao sisi tunaanza kufunga. Sipendi kufunga nikiwa na jambo hili kifuani.

Prasojo


Watolere
9 Septemba 2008

Mas Prasojo,

Gazeti limefika. Pater Niko amelikata na kulibandika kwenye ubao wa parokia, picha ya ufagio na chini yake jina langu. Watu wananipongeza baada ya misa. Hata mkaguzi amenipigia saluti.

Nilikuwa na hasira kubwa na wewe, na mwalimu akiandika akiwa na hasira anavunja kalamu, kwa hiyo nilinyamaza. Sasa imepungua. Nitakueleza, na ukishasoma usinijibu haraka.

Siku ile niliingiza diski nione picha za duka lako, kama ulivyoniambia. Nikainuka kuchukua miwani juu ya kabati. Hatua sita kwenda, sita kurudi. Niliporudi kazi ilikuwa imeisha. Kulikuwa na orodha nzuri, majina upande huu, idadi upande ule. Mstari wa tatu ulisomeka hivi: Mama, moja, imefutwa.

Nilidhani ni mimi niliyeandikwa.

Kidudu kile alikitunga Boli. Alikuja Krismasi ya 2005 na mashine yake, akakaa wiki tatu, akala mahindi yangu yote. Alipoondoka nikaiwasha, nikakuta inaniamkia. Nilimpigia simu kutoka mjini nikamgombeza. Akacheka, akasema: «Mama, si unalalamika kwamba siandiki? Haya, sasa nitakuandikia kila siku mpaka unichoke.» Nikamwuliza mistari ipo mingapi. Akakataa kusema.

Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata ardhi ilitikisika kwenu, na wewe unajua kuliko mimi. Boli alikuwa amepanga chumba Bantul. Tulisikia redioni. Simu hazikushika. Mjini kwetu watu wenye watoto Yogya walijipanga nje ya kibanda cha simu siku nzima, wengine wakalala hapo hapo. Mimi nilirudi nyumbani. Kesho yake jua lilikuwa kali, nikaenda shuleni, nikawasha. Ikachukua muda wake. Kisha ikaandika: «Mama, mimi mzima. Ni uvivu tu wa kupiga simu.»

Wewe unaelewa kompyuta, Mas, na mimi nilikuwa naelewa pia. Nilijua mstari ule aliuandika miezi mitano kabla, kwa utani. Nilijua. Na bado nilitoka nje nikawaambia watu Boli mzima. Nilipika. Niliwapelekea walioko kwenye kibanda cha simu chakula, nikawa nawafariji mimi. Siku tisa niliishi hivyo, nikitembea kama niko ndani ya maji, kila kitu kizuri na cha mbali. Siku ya tisa Pater akaja na karatasi yenye majina. Walikuwa wameshamzika huko huko.

Niliifunika mashine kwa kitambaa nilichofuma kwa ajili ya harusi yake. Miezi minne. Nilimchukia, naomba Mungu anisamehe, nilimchukia kwa mstari ule. Kisha ripoti za shule zikadaiwa, nikaifunua, nikawasha nikiwa nimegeuza uso. Nilipotazama ilikuwa imeandika: «Mama, usikae kizani, taa si pambo.» Hiyo ni sauti yake kabisa, ya kunisimanga. Nikacheka kwa mara ya kwanza. Siku ile ndiyo nikanunua daftari.

Nilitaka kinga kwa sababu wadudu wengine wangekuja kumla. Nilitaka inayouliza kwa sababu nilitaka kuulizwa. Hilo tu. Wewe ukaona mwanamke mzee asiyejua lililo jema kwake.

Daftari ninalo, mistari themanini na nane. Lakini daftari halinishtukizi.

Kewa


Yogyakarta
2 Oktoba 2008

Mama Kewa,

Jana ilikuwa Idi. Kwetu asubuhi ya Idi, baada ya swala, kila mtu hupiga magoti mbele ya mama yake na kuomba msamaha wa nje na wa ndani, yaani kwa makosa yanayoonekana na kwa yale aliyoyaficha. Nilimpigia magoti mama yangu Wonosari. Kisha nikapanda pikipiki hadi Bantul. Niliuliza makaburi ya Kikatoliki, nikamtafuta mwanao kwa jina, mlinzi akanisaidia. Pana mti wa mlangilangi, kivuli kizuri. Nilipalilia, nikamwagia maua kama tunavyowafanyia wa kwetu. Nilimwambia nimetumwa na wewe. Hukunituma, lakini sikujua niseme nini.

Sasa ni zamu yako. Uko mbali, basi napiga magoti kwa barua.

La nje unalijua. Uliniomba kitu kimoja, nikakutumia kingine, nikakifanya kijiwashe chenyewe ili usipate nafasi ya kukataa. Niliita hilo urahisi.

La ndani hulijui. Sapu ni yangu, Mama. Niliiandika mimi na wenzangu wawili, humu dukani. Nilijipima mwenyewe, nikajipa tisini na mbili, nikachapa kwa jina langu upande mmoja na kuficha jina langu upande mwingine. Na lile neno «Mama» kwenye orodha nililiandika mimi kwa mkono wangu. Kidudu kile kiliingia kwenye namba nne mwezi wa saba 2006, na ndicho cha kwanza kabisa ambacho Sapu ilijifunza kukiua. Nilianza nacho kwa sababu kilikuwa rahisi. Wengine wote wanajificha. Kile hakikujificha popote. Asubuhi moja kiliniandikia: «Mama, umeshakula?» Nilikuwa sijaenda nyumbani tangu tetemeko. Siku ile nilifunga duka mchana nikaenda. Jioni niliporudi nikaendelea kukiua.

Anayepima kinga lazima awe na wadudu wa kupimia. Ninao mia sita na arobaini kwenye diski moja, nimewafungia. Nimeifungua usiku wa kuamkia leo, samahani, nilishindwa kungoja. Namba mia na kumi na nne ni yeye. Yuko mzima.

Nimehesabu mistari. Niliifunika skrini kwa karatasi, nikaacha pembeni tu panapoonekana namba. Ni mia na thelathini na moja. Wewe una themanini na nane. Arobaini na mitatu bado hujaiona, na mimi sijaisoma. Si yangu.

Diski iliyomo humu haijiwashi. Unaweza kuiingiza ukaenda kuchukua miwani, ukanywa na kahawa, haitafanya kitu mpaka uiambie. Ina vitu viwili. Cha kwanza ni Boli. Nimemkata miguu, hatarukia tena flashi ya mtu, lakini mdomo nimemwachia. Cha pili ni Sapu mpya. Itafagia wengine wote. Ikimkuta yeye, ningeweza kuiambia impite bila neno, ingekuwa nyepesi zaidi. Lakini ulisema ulitaka kuulizwa. Basi itakuuliza kila asubuhi. Itakula sekunde chache za jua lako.

Nimemwandikia mhariri kwamba Sapu ni yangu na alama zile zifutwe, na jina lako pia liondolewe. Amejibu kwa mstari mmoja. Nadhani sitaandika tena Layar.

Nisamehe, ya nje na ya ndani.

Prasojo


Watolere
12 Novemba 2008

Prasojo mwanangu,

Nakupa matokeo ya kipimo kwa utaratibu wako, usije ukasema mwalimu wa kisiwani hajui kupima.

Jua: zuri, wingu dogo mlimani. Muda wa kuwaka: dakika tatu na sekunde kama ishirini. Nimetumia saa ya ukutani ya darasa la nne na watoto wote wamehesabu kwa sauti, kwa hiyo matokeo yana kelele. Wadudu waliofagiwa: hamsini na saba, karibu wote wa flashi ya mkaguzi. Nimemwandikia kumjulisha, nikaambatanisha orodha.

Urahisi wa kutumia. Hapa niliwatoa watoto nje. Mashine ilipowaka, kidirisha kilifunguka katikati: «Mama Kewa, nimemkuta Boli hapa. Nifanye nini?» Na chini vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa «Mwache». Cha pili kimeandikwa «Mwache kwanza».

Nilivitazama mpaka mwanga ukahama kutoka dirisha la kwanza hadi la pili. Nilicheka. Halafu nililia vizuri, kilio ambacho sikukilia kwenye misa ya kumwombea Boli. Tuto aliingia bila kubisha, mara ya kwanza maishani mwake, akaniuliza kama afute ubao. Nikamwambia leo acha.

Siku ile nilibofya «Mwache kwanza», maana kuna siku tisa ambazo mimi na yeye bado hatujazimaliza. Kesho yake nikabofya «Mwache».

Alama: tisini na moja. Moja nimeikata kwa kuchelewa kuuliza. Pater ameubandua ufagio kwenye ubao wa parokia, nimeuweka ndani ya daftari, uwe alama ya ukurasa.

Nimekusamehe. Ya nje nilikusamehe kabla ya barua yako. Ya ndani imenichukua meli mbili. Na asante kwa maua. Siku ya Marehemu Wote kila mtu hapa huwasha mishumaa kwenye makaburi ya watu wake, na mimi huwa nawasha wangu dirishani kwa kuwa sina pa kuupeleka. Mwaka huu niliuwasha nikiwa najua kuna mti wa mlangilangi na kivuli.

Wiki nzima alirudia mistari ya zamani, kahawa, mvua, kuku mwekundu. Sikuwa na haraka. Leo asubuhi ukungu ulikuwa umeingia hadi ndani ya darasa, siioni hata kibodi vizuri, nikabofya, akaja na mpya. Ni wa themanini na tisa. Nakuandikia kama alivyouandika:

«Mama, kila siku naongea mimi tu. Na wewe uwe unanipa habari.»

Nilikuwa na jua la saa moja na nusu. Ripoti za wilaya nimeziacha. Nimefungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe juu, nikaanza kumjibu. Nimeanza na habari zako.

Mama Kewa